Uzito Kiunoni mwa Verlon Tackett

Watu wengi hudhani kazi ya bastola ni kupiga. Waulize wanaoibeba kila siku. Kazi yake ni kufichwa, na kazi hiyo haina Jumapili wala sikukuu. Verlon Tackett aliifanya miaka kumi na mmoja, tangu anapovaa suruali asubuhi mpaka anapoivua, na katika miaka yote hiyo hakutokea mwizi, mlevi wala kichaa aliyemlazimisha aitoe. Kuitoa aliitoa, tena sana, lakini ni kwa kuifuta jasho na kuchokoa nyuzi za shati zilizojisokota mdomoni mwake.

Alikuwa mtu wa Tolliver, mji mdogo wa misonobari mashariki ya Texas. Fundi viyoyozi mstaafu, umri sitini na nane, mrefu, mgongo umechakaa kwa kupanda mapaa ya watu. Na ni paa moja kati ya hayo lililomtia bastola kiunoni. Siku moja alikuwa juu ya duka la kufulia nguo kwa mashine akitengeneza kiyoyozi, mkewe Nadine yuko chini kwenye pikapu, anakula pichi. Akaja kijana mmoja, akafungua mlango, akamzaba Nadine makofi mawili, akamvua pete na kuchukua mkoba. Verlon aliyaona yote kutoka juu, spana mkononi, anapiga kelele tu. Alipomaliza ngazi, kijana keshapotelea mtaa wa pili.

"Si kitu, Verlon," Nadine alimwambia, shavu limevimba. "Ngazi ni ndefu."

Basi. Hakumlaumu hata siku moja. Angemtukana ingekuwa nafuu, maana tusi hujibiwa. Jumamosi yake Verlon akaenda kununua bastola, na tangu siku hiyo hakutoka nyumbani bila hiyo bastola, hata kwenda kutupa takataka.

Bastola yenye risasi ni kama kilo moja. Utasema, kilo moja nayo ni mzigo? Haya, jifunge kilo moja ya sukari kiunoni. Uiname nayo, uendeshe gari nayo, ule nayo, uende nayo msibani, halafu uje unisimulie. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Suruali zake zote zilibidi zizidi kwa inchi mbili, ili kiuno kiingie mwili na chuma pamoja. Mkanda wa kawaida ulilegea wiki ya tatu, akanunua mgumu, wenye bapa la chuma ndani, ukawa unamkata tumbo kila akikaa. Mashati hayakuchomekwa tena. Na yawe ya maua, kwa sababu wajuzi walimwambia maua huvuruga macho, bastola haijichori nguoni. Verlon, aliyechukia maua hata kwenye pazia, akawa anatembea Tolliver nzima amevaa kama mtalii. Agosti, jua linayeyusha lami, watu wako vifua wazi, yeye kavaa fulana ndani ili chuma kisimchune ngozi, na shati juu ili chuma kisionekane. Jasho lilikula bastola mpaka ikaota kutu ya rangi ya chai.

Na ala! Ala ni mfuko wa kuvalia bastola, na kila ala huuzwa kwa ahadi kwamba hii sasa ndiyo yenyewe, hutaisikia mwilini. Droo ya Verlon ilikuwa nazo kumi na nne. Za ngozi, za plastiki, za kitambaa, ya kwapani, ya kifundo cha mguu. Hii inabana nyonga, ile inachimba mbavu, nyingine ukikaa kwenye gari mdomo wa bastola unaelekea pale ambapo hakuna mwanamume angependa uelekee.

"Waume wa wenzangu wana mahawara," Nadine alikuwa akisema, akiifungua droo ile. "Wangu ana ala."

Dukani hakunyoosha mkono kwenye rafu ya juu, maana shati lingepanda. Mzee mrefu kama mlingoti anamwomba kibibi kifupi amfikishie kopo la maharage! Kitu kikianguka chini hakuinama. Alipiga magoti kama anayesalimia wakwe. Na kanisani, ambako watu wa Tolliver hukumbatiana kana kwamba walipoteana vitani, alijifunza kukumbatia kwa bega la kushoto tu, viwiko vimebana, haraka, asije mtu akapeleka mkono kiunoni. Watu wakasema Verlon amekuwa mkavu. Nadine hakusema, ila siku moja jikoni alimzungushia mkono kutoka nyuma kama zamani, akautoa.

"Nikikugusa nagusa chuma," alisema, akaendelea na vyombo. Hakumzungushia tena. Huo ni wizi pia, na aliyeibiwa ni wote wawili.

Nadine alipougua, hospitali ilikuwa na bango mlangoni: silaha marufuku. Kwa hiyo kila siku ya Mungu Verlon alijikunja kwenye maegesho, kichwa chini ya usukani, akiifungua bastola kiunoni pasipo mtu kumwona, akiifungia kwenye kisanduku cha chuma chini ya kiti, akivuta mnyororo kuona kama umeshika, akishuka, akirudi kuvuta tena. Ndani Nadine anauliza, "Umechelewa wapi?" Naye anajibu, "Foleni." Miezi sita ya foleni, halafu Nadine akafa.

Kilichombakia mzee yule ni Jumatano.

Binti yake, Krista, alikuwa muuguzi wa chumba cha dharura katika mji wa jirani, na Jumatano alikuwa na zamu ndefu ya saa kumi na mbili mfululizo. Shule zikifungwa, mtoto wake Maylee, miaka mitano, alikaa na babu yake kutwa. Jumatano ndiyo siku ambayo Verlon alinyoa ndevu. Siku nyingine alikula maharage ndani ya kopo, amesimama, televisheni inajisemea yenyewe. Jumatano kulikuwa na chapati za maziwa na asali ya mti, kulikuwa na kulisha bata bwawani, kulikuwa na maswali.

"Babu, mbona tumbo lako lina kona?" Maylee alimuuliza mara ya kwanza, akiligonga kwa kidole.

Krista alilisikia swali lile. Alimtuma mtoto akalete viatu, akafunga mlango.

"Baba, sikwambii uitupe. Nakujua, utaacha suruali kwanza," alisema. "Lakini wiki iliyopita wameniletea mtoto wa miaka minne. Aliitoa kwenye mkoba wa bibi yake, kanisani. Sitakusimulia zaidi ya hapo. Sasa sikiliza. Ukiwa na Maylee, ama iko mwilini mwako, ama iko ndani ya sefu imefungwa. Hakuna mahali pa tatu. Si mezani, si kitini, si garini, si dakika moja."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye nawafundisha wenzangu."

"Baba! Siku nikisikia ilikuwa mahali pa tatu, Jumatano zimekwisha. Sitagombana nawe, sitapiga kelele. Zitakwisha tu."

"Naapa."

"Usiape. Fanya."

"Naapa kwa mama yako."

Krista akaishia hapo, kwa sababu jina lile halikuchezewa katika familia hiyo. Na Verlon hakuapa uongo. Aliapa kwa moyo wake wote, siku ile.

Akamfundisha mtoto vilevile, kama somo la shule. Kila Jumatano, kabla ya bata.

"Ukiiona mahali popote, unafanya nini?"

"Nasimama!"

"Halafu?"

"Mikono nyuma!"

"Halafu?"

"Naita mtu mkubwa."

"Na mtu akikwambia toa mikono, njoo huku, hamna shida?"

"Sitoi!"

"Hata akikupa pipi?"

"Hata pipi mbili, babu. Hata kumi!"

Mtoto aliijua vizuri kuliko sala ya chakula.

Sasa kuna jambo ambalo wabebaji hawalisemi mbele ya wake zao, nalo ni choo. Mkanda ukifunguliwa, bastola haina pa kushikilia. Inapinduka, inaning'inia, inaanguka. Kwa wageni wa jambo hili Verlon ndiye aliyekuwa mwalimu. Asubuhi, kwenye karakana ya rafiki yake Hollis Gantt, palipokuwa na kahawa na uongo mwingi, alikuwa akiwaambia: suruali ikishashuka, ilaze bastola ndani ya suruali yenyewe, katikati ya miguu. Hapo hata uwe mlevi huwezi kuondoka bila hiyo bastola, labda utoke uchi.

Ushauri mzuri sana. Tatizo ni kwamba mwaka jana, dukani kwa vifaa vya ujenzi, mwalimu mwenyewe alivuta suruali kabla ya wakati, bastola ikateleza, ikaserereka sakafuni mpaka choo cha pili.  Kisha ukatokea mkono chini ya ubao, unaisukuma taratibu kwa kidole kimoja.

"Mzee," ikasema sauti ya kijana, "nadhani hii ni yako."

Verlon alikaa mle mpaka yule akanawa, akaondoka, na dakika kumi na tano juu yake. Kosa lake la pili lilikuwa kumsimulia Hollis.

"Kidole kimoja!" Hollis alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Jamani, mwalimu wetu! Bwana we, ungemwambia akurudishie na heshima yako, ilikuwa hapohapo sakafuni."

Watu wakacheka mwezi mzima. Basi Verlon, kwa aibu, akaiacha kanuni yake mwenyewe. Akawa anaing'oa bastola pamoja na ala yake, anaiweka juu ya kile kiboksi cha tishu ukutani, mbele ya macho. Alijiambia, kitu kilicho mbele ya macho hakisahauliki. Krista hakuambiwa. Lakini tuseme kweli, juu ya kiboksi cha tishu ni mahali gani? Si mwilini. Si sefu.

Jumatano ya pili ya Julai walikwenda kula nyama. Kibanda chenyewe kiko kando ya barabara kuu, moshi wa mwaloni unakupokea kabla hujaegesha, na kina choo kimoja tu, mlango mmoja, cha wanaume na wanawake na watoto. Wakala kidari cha ng'ombe kilichopikwa usiku kucha, mkate mweupe, matango ya siki. Maylee alikunywa chai ya barafu vikombe viwili, babu anamtazama tu kwa furaha asimkataze.

Verlon akaingia chooni. Akafungua mkanda, akaweka alipozoea kuweka. Hajakaa vizuri, mlango ukagongwa kwa ngumi ndogo.

"Babu! Na mimi nataka!"

"Subiri kidogo, mama."

"Babu siwezi kusubiri! Inatoka! Babu, fanya haraka!"

Mgongo ule hauna haraka, lakini mjukuu ni mjukuu. Akajivuta, akapandisha suruali, akakaza mkanda nusunusu, akafungua. Maylee akapita chini ya mkono wake kama panya. Mlango ukafungwa, komeo likalia. Verlon akasimama nje, akafumbata mikono, akautazama mkahawa mzima kwa macho ya askari: yule wa kofia, yule aliyekaa karibu na mlango, yule kijana wa mikono mfukoni. Analinda.

Ndani hakukulia maji. Hakukulia kitu.

"Babu." Sauti ilikuwa ndogo, imebandikwa mlangoni. "Babu, sijagusa."

Mkono wake ukaenda kiunoni wenyewe, pale ulipokwenda mara mia kwa siku kwa miaka kumi na mmoja. Ukakuta shati, ukakuta fulana, ukakuta nyama yake mwenyewe.

"Maylee," alisema, mdomo kwenye upenyo wa mlango. "Mama, fungua komeo."

"Siwezi. Mikono iko nyuma."

"Toa mkono mmoja tu, fungua, mpenzi wa babu."

"Hapana."

"Ni mimi, babu. Nakuruhusu."

"Ulisema hata mtu akiniambia." Sauti ilianza kutetemeka. "Ulisema hata pipi kumi."

Ee Mungu wangu. Alikuwa amemfundisha vizuri mno. Na hakuweza kupaza sauti, kwa sababu mhudumu, mama mmoja mnene wa kucheka na kila mtu, alikuwa amesimama hatua tatu na jagi lake la chai.

"Amekwama, mpenzi?" mhudumu akauliza. "Nilete ufunguo?"

"Hapana, hapana. Anaringa tu," Verlon akasema, akacheka. Alicheka! Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni mpaka kwenye soksi.

Komeo lile kwa nje lilikuwa na mfereji mdogo wa kutiwa bisibisi. Alitoa sarafu mfukoni. Fundi wa miaka arobaini kazini, aliyefunga skrubu ndogo kama punje ya mtama juu ya mapaa yenye upepo, sarafu ilimponyoka mara mbili. Ya tatu ikashika, komeo likageuka.

Maylee alikuwa amejibana ukutani upande wa sinki, mikono nyuma, kidevu kifuani. Kaptula yake ililowa, viatu vililowa, chini kuna kidimbwi. Choo kilikuwa hatua mbili mbele yake, lakini ili ukifikie ni lazima upite kwenye kiboksi cha tishu, na juu ya kiboksi kulikuwa na bastola, imelala ubavu, mdomo wake umeelekea pale alipokuwa amesimama, sawa na uso wake.

"Sijagusa, babu," alisema. "Nilisimama tu."

Verlon aliifungia kiunoni kwanza. Liweke hilo moyoni, msomaji: bastola kwanza, mtoto baadaye. Ndivyo mikono yake ilivyozoea. Kisha akapiga magoti kwenye ule mkojo na kumkumbatia, kwa bega la kushoto, viwiko vimebana.

Alifuta sakafu kwa tishu. Akamfunga mtoto shati lake la maua kiunoni, wakatoka kwa mlango wa jikoni, yeye amebaki na fulana, bastola imechomoza wazi kabisa kwa mara ya kwanza tangu ainunue. Hakuna aliyeitazama. Wapishi walikuwa wanakata nyama.

Katika duka la bei rahisi akanunua kaptula mpya ya pinki na viatu vya mpira. Akamvalisha ndani ya pikapu, kiyoyozi kinavuma. Hapo ndipo angeweza kuliweka sawa. Mtu mzima angempigia simu Krista papo hapo. Lakini Verlon alikuwa anahesabu Jumatano, anaziona zikimwishia moja moja, akibaki na nyumba ile na televisheni ile.

"Maylee. Haya ya leo ni ya mimi na wewe tu, sawa? Mama tusimwambie."

"Kwa nini?"

"Akijua hutakuja tena kwangu."

Mtoto akafikiri. "Nimefanya vibaya?"

"Hapana! Wewe umefanya vizuri sana."

"Sasa kwa nini tusimwambie?"

 Verlon akatia gia. "Tukale ile pudini ya ndizi na biskuti," alisema. Waliila, mtoto akaacha nusu.

Jioni Krista alikuja kumchukua, macho mekundu kwa zamu. Akaishika kaptula. "Hii vipi?"

"Alijimwagia soda," Verlon akasema. "Nyekundu ile, haitoki."

Krista akamgeukia mwanawe. "Eti, mama? Ulijimwagia soda?"

Maylee alimtazama babu yake. Kisha akatazama viatu vyake vipya.

"Ndiyo," alisema. "Nyekundu."

Alisema vizuri, bila kigugumizi. Miaka mitano, na kujifunza kuficha kulimchukua mchana mmoja. Verlon alisimama barazani akipunga mkono mpaka gari likakata kona, na alipoingia ndani hakuwasha televisheni.

Wiki nzima hakwenda karakana. Alijitukana kwa majina ambayo sitayaandika. Jumatano ilipofika, asubuhi, alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na mmoja: aliiweka bastola kwenye sefu, akabonyeza namba, akavuta mlango kuona kama umeshika, akatoka bila hiyo bastola. Alifika kwenye pikapu. Akaketi. Hakuna kilichomchimba. Mgongo ulinyooka kwenye kiti kama mgongo wa mtu mwingine, na nafuu ile ikamtisha. Akaona paa. Akaona mkono unamzaba Nadine, akaona ngazi. Vipi kama ni leo? Miaka kumi na mmoja si leo, lakini vipi kama ni leo, na mtoto yumo garini?

Akarudi ndani. Akabonyeza namba.

Nyumbani kwa Krista alikuta kelele. Krista kashavaa sare ya kazi, funguo mdomoni, kiatu kimoja cha mtoto mkononi.

"Afadhali umefika, Baba. Sijui ameamkia upande gani leo. Kaingia chini ya meza, hataki kutoka." Akafunua kitambaa cha meza. "Maylee! Toka. Babu kaja."

"Sitaki kwenda."

"Hutaki kwenda wapi? Jumatano?"

"Sitaki Jumatano."

Krista akainuka, akamtazama baba yake, akainama tena, sasa sauti imebadilika, sauti ya hospitalini. "Mama, njoo. Hebu njoo hapa. Babu amekukaripia?"

"Hapana."

"Amekupiga? Kuna mtu yeyote amekugusa?"

"Hapana!"

"Basi ni nini? Niambie. Sitakasirika."

Maylee akatoka chini ya meza kwa magoti, akasimama.  Alimtazama babu, wala si kwa chuki. Alikuwa anamngoja, kama mtoto anavyongoja mkubwa aseme mambo ya wakubwa. Yeye aliambiwa asiseme, naye hakusema. Babu hakuwa amekatazwa na mtu.

Verlon akafungua mdomo. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: niliisahau chooni. Yalifika mpaka kwenye meno. Krista alikuwa amesimama pale na kiatu mkononi, na Verlon aliujua uso ule. Usingepiga kelele. Ungesema tu, haya, na mlango ungefungwa taratibu, na Jumatano zote zilizobaki duniani zingebaki upande ule wa mlango.

"Labda hajalala vizuri," alisema.

Kitu fulani kikashuka usoni mwa mtoto. Krista hakukiona, alikuwa anatazama saa ya ukutani, keshachelewa dakika tisa, na uchovu wa mwanamke anayelea peke yake ukamshinda.

"Sasa ni hivi," alimwambia Maylee. "Mzee wa watu anaamka na mgongo wake mbovu, anaendesha gari mpaka hapa, kwa ajili yako. Hana mtu mwingine. Hakukugombeza, hakukufanya lolote, halafu wewe unamwambia usoni hutaki kwenda kwake? Ndivyo nilivyokulea? Mwombe babu msamaha."

Maylee akapeleka mikono nyuma.

"Maylee."

"Samahani, babu."

"Hakusikia."

"Samahani, babu."

Krista akamgeukia baba yake, akangoja, mkono kwenye kitasa. Na Verlon Tackett, amesimama katikati ya sebule ya binti yake, bastola kiunoni, shati jipya la maua, alimtazama mtoto yule aliyesimama palepale alipoambiwa asimame na asiguse, akasema:

"Nimekusamehe, mjukuu wangu."